Mupira Haipitishe Kuran

3/9
Leo boite ya namba saba, kisanduku ya waya ya umeme, imenikamata. Haikunitupa chini, hapana, lakini mukono yote ilitetemeka mupaka kwenye bega, na tournevis, bisibisi yangu, ikaruka mupaka kwenye muchanga. Shemeji Antoine alicheka: «Kuran inakusalimia, mama Jemima! Iitikie!» Mafundi ya kujenga wote wakacheka nyuma yake. Miye sikucheka. Hii kaye, daftari yangu, nilinunua ya kuandika vifaa ya chantier, pale tunafanyia kazi, lakini hasira iko nyingi, basi naiweka humu.

Niandike vizuri, juu mutoto wangu Jemima akikuja kusoma siku moja aelewe. Tuko Rwambuzi, hapa Bunia, tunaweka kuran, ule umeme, kwenye nyumba ya mashini ya kusaga. Ni ya wamama waliokimbia vita ya Djugu, na mama Brigitte njo prezida wao. Wameomba ile mashini miaka mbili, huku na huku, mupaka wakaipata. Itasaga muhogo na mahindi yenye inatoka Marabo. Siye tunapitisha waya ndani ya tube ya chuma, na kila tube inaingia kwenye boite ya chuma. Boite kumi na tisa. Antoine ni yaya, kaka mukubwa, wa marehemu bwana yangu Aimé, tena ni chef wangu. Aimé alipokufa, watu walisema mujane hapandake échelle, ile ngazi ya kazi. Antoine alinipa échelle. Hiyo siisahau.

4/9
Mvula toka asubui. Hakuna kazi.

6/9
Nimefungua boite saba. Waya ilichunika pale inatokea kwenye tube, juu mudomo ya tube iko makali na hatukuivalisha bague, ile pete kidogo ya plastiki. Hiyo naelewa, ni uvivu yetu. Lakini kitu ingine ilinikatalia. Waya ikigusa chuma, disjoncteur, ile swichi ya mulangoni, inapashwa kuanguka, ikate kuran yenyewe. Njo kazi yake. Tulipiga piquet ya terre nje, fimbo ya chuma ya kushusha kuran mita mbili ndani ya udongo, na tube zote zimefungwa kwenye ile piquet. Sasa juu ya nini disjoncteur haikuanguka? Ilibakia imesimama, na boite ikanisubiri miye.

Nikachukua testeur, kipimo yenye inalia kama kuran iko na njia. Toka tube mupaka piquet, inalia. Toka tube mupaka boite, kimya. Nikajaribu boite nane, tisa, kumi. Kimya. Kumbe tube na boite zinashikana kwa macho tu.

Ni mupira. Mupira ya Antoine! Mutu mwenye kujenga hapa Bunia anaijua. Tunakata chambre à air, mupira ya ndani ya tairi ya pikipiki, tunafanya pete, tunaweka moja inje ya boite na moja ndani, halafu écrou, ile nati, inazifinya. Maji haiingie, siafu haiingie, vumbi haiingie. Watu wanaulizaka mbele ya kutupa kazi: «Mutaweka ile ya mupira?» Na mwenye kukatakata ile pete na makasi, miaka sita sasa, ni miye. Niko na alama kwenye kidole gumba.

9/9
Nimemwambia. Nilisubiri wengine waende kula, juu sikutaka kumuaibisha.

«Shemeji, mupira inakata njia ya terre. Boite inabakia peke yake.»

«Mupira ni mupira. Inakinga mutu.»

«Namna gani inakinga?»

«Weye ulisoma, njo unaniuliza? Mupira inapitishaka kuran?»

«Haipitishe.»

«Basi! Haipitishe kuran, haiue mutu. Imeisha.»

 Miaka yote ile nilifikiri aliweka mupira juu ya maji na siafu. Hapana. Anaamini kabisa kama ile mupira ni gilet ya boite, nguo ya kukinga. Na Bunia yote inaamini naye. Na miye niliamini, niseme tu ukweli, juu sikuwahi kuuliza.

Nikamwambia: «Shemeji, kuran yenye imeingia kwenye boite inatafuta kurudi kwenye udongo. Ukiifungia njia ya tube, itapita kwenye mutu. Écrou inapashwa kuuma chuma, chuma kwa chuma. Hata rangi ya boite tunapashwa kuikwangua pembeni ya tundu, juu rangi nayo inafunga njia. Baba yenu kule Kilo, kwenye atelier ya mine ya zahabu, hakukwanguaka rangi?»

«Baba alikuwa na wazungu wa kumulazimisha.»

«Na weye uko na nani?»

Akaondoka na sahani yake. Najua nilikosa kwa sauti. Kwa maneno, sikukosa hata moja.

12/9
Mvula. Antoine hanijibu salamu.

15/9, dimanche
Kanisani nilikaa nyuma ya Régine, muke ya Antoine. Tulipotoka akanikamata mukono: «Shemeji, uachane na ile mambo. Bwana yangu hakulake vizuri sasa.» Nikamwambia miye pia sikulake vizuri. Tukacheka kidogo, tukaachana. Régine ni mutu muzuri, lakini hakushikwa na boite saba.

18/9
Nimeanza peke yangu. Nilifika mbele ya wote, nikafungua boite moja na mbili, nikatoa mupira zote ine, mbili kwa kila boite, nikakwangua rangi na kisu mupaka chuma ikaangara, nikafunga écrou moja inje na moja ndani, na bague juu ya mudomo. Testeur ikalia tiii. Sijue kama kuko muziki muzuri kushinda ile.

19/9
Amerudisha mupira.

20/9
Nimeitoa.

21/9
Ameirudisha. Ameongeza na gundi.

23/9
Nimeitoa, na gundi yake. Mafundi ya kujenga wanafanya pari juu yetu: nani atachoka mbele. Wengi wanaweka kwa Antoine. Watapoteza.

28/9
Waliniita kwa familia, nyumbani kwa Antoine. Walikuwa wababa ine, Régine, na yeye mwenyewe kwenye kiti ya katikati. Chai ilikuwa nzuri. Baba mudogo Assani, mwenye alifanya kazi Kilo na anajua kusema polepole, ndiye alianza: «Mwana, yaya yako alikuchukua wakati hakuna mutu alikutaka. Sasa unamusahihisha mbele ya mafundi. Mutu wa kwetu hafanyake vile. Omba musamaha, tukule, tuachane.»

Nilipiga magoti, juu heshima ni heshima. Nikasema: «Shemeji, naomba musamaha ya sauti yangu. Nilikupandishia sauti, nilikosa.»

Wote wakapumua. Régine akasimama kuleta chakula.

«Lakini kwa boite, siombe musamaha. Boite iko mubaya, na kesho nitaitoa mupira tena.»

Hee! Kelele yenye ilitokea pale! Antoine alisema kama ni hivyo nitafute chef mwingine nikimaliza hii chantier. Nikamwambia sawa, lakini nitaimaliza. Nilitoka bila kula. Nikafika nyumbani nikalia vizuri, halafu nikapika ugali yangu miye peke yangu, Jemima akiniangalia. Aliniuliza kama tumegombana na baba mukubwa. Nikamwambia ndiyo, juu ya mupira. Akafikiri nasema juu ya football.

2/10
Mvula tatu kwa siku moja. Barabara ya Rwambuzi imekuwa mutoni.

5/10
Leo niandike yote.

Mvula ilianza saa tatu ya asubui na haikuacha. Maji ikaingia kwenye nyumba ya mashini kutoka pande ya mulango, juu mafundi hawajamaliza kizingiti. Ikafika kwenye kifundo ya muguu. Na njo wakati ule wamama wakafika, kumi na mbili ao kumi na tatu, na mifuko ya muhogo kwenye kichwa. Mutu aliwaambia mashini inajaribiwa leo. Mutu gani? Antoine. Hakuniambia miye. Aliita wamama waje waone, juu wakifurahi hakuna mutu atasikiliza kelele yangu.

Boite zote kumi na tisa zilikuwa na mupira. Alikuja jana usiku na kijana wa mutaa, akazirudisha zote, hata zile nilizofunga na écrou mpya. 

Wamama walisimama ndani ya maji, miguu tupu, wanacheka. Lydie, ule mwenye mutoto wake Orly anakaaka mugongoni mwake siku nzima, akaegemea ukuta, kichwa ya mutoto kandokando ya boite ya namba kumi na moja. Orly akanyoosha mukono. Chuma ya kuangara, watoto wanapendaka. Antoine alikuwa ameshaweka kidole kwenye disjoncteur.

Nikapiga kelele: «Acha!» Sikuwahi kupiga kelele vile, hata siku Aimé alikufa. Nikamusukuma Antoine. Nilimusukuma, naandika bila kuficha. Nikakata kuran kule juu kwenye fizi za inje, pale kuran inaingilia, nikarudi, nikafungua tableau, sanduku ya disjoncteur, nikalegeza disjoncteur kubwa na kuitoa yote. Iko nzito, inalingana na tofali. Nikaifunga kwenye kitenge yangu, kwenye kiuno, nikafunga fundo mbili.

«Uko mwizi!» Antoine alisema.

«Sawa, niko mwizi. Hii mashini haitawaka kama kuko hata mupira moja.»

Michée, secrétaire wa komite ya wamama, akafika na makaratasi yake chini ya parapluie, mwavuli yake. Alisema ataita polisi. Nikamwambia aite, niko Rwambuzi, kila mutu anajua nyumba yangu. Alisema watanunua ingine. Nikamwambia anunue. Disjoncteur ya ukubwa ile haiko Bunia, ilitoka Kampala, na kwa hii barabara ya mvula itafika Noeli. 

 Wamama walibeba muhogo yao wakarudi ndani ya mvula. Hiyo iliniuma kushinda neno ya mwizi.

7/10
Polisi hawakukuja. Antoine alikuja, akasimama mulangoni, akasema: «Aimé angekuona, angesikia haya.» Nikamwambia Aimé angeleta testeur. Akaenda.

8/10
Nimepika na kitenge kwenye kiuno. Mugongo inauma. Siifungue.

10/10
Mama Brigitte alikuja peke yake, bila parapluie, analowana. Nilimupa kiti, akakataa.

«Mama Jemima, tulitoka kwetu na nguo ya mwili. Nimezika ndugu njiani. Miaka mbili tunatwanga muhogo na mikono, wamama wanakohoa damu. Tumepata mashini, na mwenye kutufungia mulango ni mwanamuke mwenzetu. Weye pia?»

Niliona aibu na hasira pamoja. Nikamwambia: «Mama, kuran yenye iko kwenye zile boite ingemukamata Orly ya Lydie.»

«Antoine anasema ni uongo.»

«Siye wawili tunasema. Mumoja wetu anasema uongo ao hajue. Njoo uone na macho yako.»

«Nione nini? Kuran haionekanake.»

«Nitaifanya ionekane. Samedi. Lete wamama wote, lete na Antoine.»

Aliniangalia kitenge, akaangalia macho. Halafu akakaa kwenye kiti, akaomba maji ya kunywa.

12/10
Walikuja wote. Watu ishirini na kitu, Michée, na Antoine na bottes yake ya mupira mupaka kwenye magoti. Mvula ilikuwa inapiga mabati, kila mutu alipashwa kusema kwa nguvu.

Nilifungua fundo mbili mbele yao nikarudisha disjoncteur kwenye tableau, na fizi za inje. Boite saba niliiacha na mupira ya Antoine kama alivyoifunga. Boite nane nilitoa mupira, nikakwangua rangi, nikafunga écrou chuma kwa chuma. Halafu ndani ya kila moja nikagusisha waya yenye imechunika kwenye chuma, makusudi, vile panya ao makali ya tube ingefanya. Nikawaambia wote warudi nyuma ya kamba. Nikachukua ampoule yenye iko na waya mbili, moja nikafunga kwenye boite saba, moja kwenye tube.

Nikawasha boite saba. Ampoule ikawaka! Nyeupe, safi, kama kwenye nyumba ya mutu tajiri. Wamama wakasema «Eeeh!» Na disjoncteur? Imesimama. Haijue kitu.

«Muone,» nikasema, «hii taa iko nafasi ya mutu. Kuran yenye inaiwasha, ingepita kwenye mwili yenu.»

Nikazima. Nikawasha boite nane. Pah! Disjoncteur ikaanguka papo hapo, kuran ikakatika, hakuna cheche hata moja iliyobakia. Nikarudisha. Pah! Nikarudisha tena. Pah!

 Michée alianza kuandika.

Antoine akasema: «Ni mambo ya kucheza na taa. Wanafanyaka vile kwenye sarakasi.»

Njo mama Brigitte akatokea mbele. Hakupandisha sauti, lakini wote walimusikia hata na mvula. «Papa Antoine, siye hatujue mambo ya kuran. Weye njo fundi mukubwa, tunakuheshimu. Washa ile ya saba. Vua bottes, simama hapa ndani ya maji pahali tunasimamaka, na uishike. Ukiishika, miye mwenyewe nitamufukuza mama Jemima.»

Antoine akaangalia boite. Akaangalia bottes yake.  Sikufurahi, nataka Jemima ajue hiyo, sikufurahi hata kidogo. Ule ni mutu alinipa échelle.

«Siishike,» alisema.

«Juu ya nini?»

 Antoine akatoka, akaenda ndani ya mvula, kichwa wazi.

Mama Brigitte akanigeukia: «Tunafanya nini sasa?»

14/10
Kidole moja haiue chawa. Wamama walikuja na visu yao ya kumenya muhogo. Niliwaonyesha: hapa, pembeni ya tundu, kwangua rangi mupaka uone chuma, usikwangue inje ya alama. Walikwangua kushinda fundi yeyote nimewahi kuona. Lydie alifanya boite tano. Séphora, muzee wa wote, alisema kama ni kukwangua tu, angekuja toka mwezi wa tisa. Tulicheka mupaka tukachoka.

15/10
Boite kumi na moja zimelia. Tundu zenye hazina tube tumezifunga na vifuniko, juu panya.

17/10
Antoine alifika saa ine bila kusema bonjour. Alibeba funguo yake kubwa ya kukazia écrou. Alianza kwenye boite ya kwanza na akakaza kila écrou, moja kwa moja, mupaka ya kumi na tisa. Zingine nilikuwa nimezikaza vizuri, lakini akapata robo ya kuzungusha juu yangu. Hakuniangalia. Miye pia nilifanya kazi yangu. Alipomaliza alikunywa maji ya wamama, akaenda.

26/10
Mashini imewaka. Wageni walisema hotuba, Michée alisema hotuba ndefu, na mama Brigitte alisema maneno tatu: «Leteni muhogo sasa.» Unga ilitoka nyeupe, ikawajaza wamama mupaka kwenye nyusi. Orly alilamba mukono. Nilikaa pembeni na nikalia, na sijali nani aliona.

Antoine akanivuta nyuma ya nyumba. Kwa mara ya kwanza toka mwezi wa tisa aliniita jina yangu. «Micheline. Tuko sawa?»

«Tuko sawa, shemeji.»

«Nimekosa. Baba alikuwa anakwangua, na nilimwona na macho yangu, nilikuwa mutoto.» Akapangusa unga kwenye mikono. «Kutoka leo hatuweke mupira tena. Kazi yako iko, échelle yako iko. Lakini zile nyumba za zamani, tunyamaze. Bunia yote ikisikia, tumeisha, weye na miye. Jemima atakula nini?»

Swali ilikuwa ya kweli. Nilikaa na ile swali njia yote ya kurudi nyumbani. Ni mikono yangu ilikata ile mupira. Nilitembea nikaanza kuhesabu milango ya nyumba tuliweka mupira, na nilipofika makumi ine na tatu nilikuwa sijatoka hata quartier yetu.

28/10
Nimemwambia Antoine hapana. Aliniambia basi nisitaje jina yake. Nikamwambia nitataja yangu, inatosha.

Asubui hii nilibeba testeur, kisu na mufuko ya écrou. Nilianza na nyumba ya mama Agathe, pale juu, yenye geti ya bleu, juu njo iko na watoto wengi. Alifurahi kuniona. Aliita majirani: «Muone, huyu njo alituwekea kuran! Miaka ine, hata siafu moja haijaingia kwenye boite! Ile mupira yenu, mama, ni kazi ya ajabu.» Alinipa kiti, akatuma chai.

Sikukaa. Majirani walikuwa wamesimama kwenye geti, watu watano, wawili kati yao ni wateja wangu.

«Mama Agathe, ile kazi iko mubaya,» nikasema, na nikasema kwa nguvu ili wote wasikie. «Inaweza kuua mutu. Ni miye niliifanya. Uzime kuran.»